Nchi Isiyo na Jambo

Kaeni basi, nianze. Aliyewahi kiti akikalie kwa adabu, maana hadithi yenyewe ni ya kiti. Aliyekosa asimame, na asinung'unike mpaka nimalize.

Iko nchi inaitwa Usijambo. Msiniulize iko upande gani, kwa kuwa aliyenisimulia alikwenda huko kabebwa, na anayebebwa hatazami sana njia. Jina lake Mwatime. Miguu yake ililala alipougua homa utotoni, haikuamka tena. Mdomo wake, huo haujapata kulala hata siku moja. Mama yao alipofariki, mdogo wake Dunga, aliyekuwa akiuza mikeka huko Usijambo, alirudi kumchukua. Akamweka mgongoni, wakaenda kuishi ugenini, wao wawili na mikeka yao.

Katiba ya Usijambo ni fupi kuliko zote nilizopata kuzisikia. Inasemekana mtawala wa kwanza, siku ya kuapishwa, alisimama mbele ya umma akauliza, "Hamjambo?" Umma ukajibu kama umma wowote uliolelewa na mama zao: "Hatujambo!" Mtawala akamgeukia karani wake. "Andika hivyo hivyo." Ikaandikwa, ikapigwa muhuri, na tangu siku hiyo nchi nzima haina jambo, kisheria. Mwaka ule kulikuwa na njaa. Wenye njaa walikuwamo uwanjani, na wanasema ndio waliojibu kwa sauti kubwa zaidi, wakidhani baada ya salamu kitafuata chakula.

Basi huko salamu si mchezo. Ukisema "sijambo" umetoa ushahidi, na ushahidi ukishatoka haurudi. Usipojibu, umetenda kosa la kudharau salamu, utasimamishwa ukutani uwaamkie wapita njia mpaka jua lizame. Ukithubutu kusema unalo jambo, hilo kosa ni kubwa mno, halitajwi mbele ya watoto. "Habari gani?" ilipigwa marufuku zamani, maana ilionekana inaleta habari. Vijana walijaribu kuingiza "Mambo?" wakakamatwa kwa uchochezi: nchi haina jambo hata moja, wao wanaulizana kwa wingi! "Shikamoo" iliruhusiwa, lakini iishie majumbani. Wanaonichekesha mimi ni watalii. Wao hushuka wakipunga mikono, "Jambo! Jambo!" Wenyeji wakasikia mtu mzima anakiri hadharani, tena mara mbili, bila kulazimishwa na mtu. Mtalii hashtakiwi; hushikwa mkono kwa huruma, akapelekwa kupewa kiti cha magurudumu siku hiyo hiyo. Wengi huondoka navyo kwao kama kumbukumbu.

Ndiyo, viti vipo. Hata sheria nzuri namna gani haiwezi kuwaficha watu wasioona na wasiotembea, kwa hiyo serikali ya mtaa ilifungua Afisi ya Wenye Jambo. Juu ya mlango wake pamechongwa maneno haya: KITI NI CHA MWENYE JAMBO, ASIYE NA JAMBO ASIKIKALIE. Mwatime aliyasoma siku ya kwanza akiwa mgongoni kwa Dunga, akasema, "Haya, leo tumefika kwetu."

Alikitaka kiti hicho kuliko alivyopata kutaka kitu chochote. Kwanza kwa ajili ya Dunga, aliyekuwa ameanza kuamka asubuhi amejikunja, mkono kiunoni, akisema si kitu, ni baridi tu. Baridi gani, katika nchi ambayo mbuzi wanatafuta kivuli? Na mgongo ule ukivunjika, wangekaa chini wote wawili, mikeka imekosa muuzaji, na mbebwaji amekosa mbebaji. Lakini palikuwa na lingine, ambalo Mwatime hakumwambia mtu. Alikuwa hajawahi kususa. Fikirini wenyewe. Mtu akikuudhi, raha yake ni kuinuka, ukajifunga kanga, ukamwachia baraza lake. Yeye akiudhiwa ilibidi aseme, "Dunga, njoo unibebe, nimekasirika," na mpaka Dunga amalize chai yake, hasira imeshapoa.

Mlangoni palisimama askari wa adabu, mtu mrefu aitwaye Pazi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna shughuli inayoanza kabla ya salamu. Miguu ilikuwa imemvimba kwa kusimama. Siku aliyoajiriwa aliulizwa hali, akajibu vizuri, na asiye na jambo hapewi kiti.

Ndani, Mwatime alibaki kinywa wazi. Makarani wote walikuwa wamekaa kwenye viti vya magurudumu, vipya, vinang'aa. Karani akihitaji muhuri, alijisukuma akateleza mpaka meza ya mwenzake, wakagongana, wakacheka. Mkuu wao, Bwana Mwinyihaji, alikuwa na kiti chenye mito, na mkononi ana bakora nyeusi ya cheo, ambayo aliitumia kuvuta faili bila kujisumbua kuinama.

"Hujambo, mama?" akauliza kwa sauti laini.

"Sijambo, bwana." Lilimtoka kabla hajafikiri, kama linavyokutoka wewe.

Muhuri ukashuka. Pa!

"Mwombaji amethibitisha hana jambo. Tunashukuru kwa kututembelea. Anayefuata!"

"Anayefuata nini? Bwana, mimi sitembei!"

"Umefikaje hapa?"

"Mgongoni kwa mdogo wangu huyu."

"Kwa hiyo usafiri unao."

"Huyu ni mtu, si usafiri!"

Bwana Mwinyihaji akamtazama Dunga, ambaye jasho lilikuwa likimdondoka kwenye kidevu. "Hujambo, kijana?"

"Sijambo, mzee," Dunga akajibu akihema.

Pa!

"Familia nzima hamna jambo. Hongereni sana."

Mwatime akavuta pumzi. "Na nyinyi mliokaa kwenye viti vyetu, mna nini?"

Makarani wakatazamana. Bwana Mwinyihaji hakukasirika. Alikuwa ameulizwa swali hilo huko nyuma. "Tunavijaribu, mama. Kiti kisichojaribiwa kinaweza kumwangusha mwenye jambo."

"Mnavijaribu tangu lini?"

"Tangu enzi za aliyenitangulia."

"Na bado hamjaridhika?"

"Usalama wa raia," alisema bwana yule, "hauna haraka."

Hapo ndipo Mwatime alipotaka kususa. Alijisikia mwili mzima unawaka. Ikabidi amngoje Dunga apate pumzi, ainame, amrekebishe mgongoni, aombe njia, na makarani wakapata muda wa kumpungia mkono wa kwaheri.

Nje, kwenye benchi, alikuwapo mzee asiyeona, Mzee Ngwali, ambaye alikuwa akifuatilia fimbo ya kutembelea tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Aliposikia Mwatime anafoka, akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, wewe una bahati, wamekukataa upesi. Mimi wanataka shahidi wa macho."

"Wa kushuhudia nini?"

"Kwamba sioni. Nikamleta mke wangu. Wakasema mke wako anaona, hajui lolote kuhusu kutoona. Shahidi lazima awe mimi. Basi nikasema sawa, mimi nashuhudia. Wakaniuliza, umeona kwa macho yako? Nikasema hapana. Wakanirudisha nyumbani." Akapangusa machozi ya kicheko. "Usiilaumu afisi. Pale anayekunyima ni mdomo wako mwenyewe. Mama zetu walitufundisha adabu, na hawa wameifanya mtego."

Mwatime aliyalalia maneno hayo, asubuhi akamwambia Dunga, "Leo simung'unyi maneno." Wakarudi. Bwana Mwinyihaji akauliza kwa tabasamu lile lile, "Hujambo, mama?"

"Nina jambo!" Mwatime akasema. "Ninalo, bwana, tena kubwa!"

Lahaula! Karani mmoja aliziba masikio. Mwingine akajisukuma kinyumenyume mpaka ukutani. Pazi akaangusha kirungu chake. Mwatime na Dunga wakapelekwa moja kwa moja mbele ya Baraza la Salamu, ambalo huketi karibu na hapo likisubiri kuvunjiwa heshima.

Kikao hicho kilikuwa kirefu na cha kisomi. Mwanachuoni mnene alisema kwamba mtuhumiwa ametamka tusi. Mwanachuoni mwembamba akasema si tusi, ni kosa la sarufi: je, jambo ni kitu mtu anacho, au ni kitu mtu alicho? Kama anacho, akiweke nyumbani. Kama ndicho alicho, basi hawezi kukiombea kiti, kwa kuwa jambo halikai. Mnene akauliza kama mguu usiotembea ni mgonjwa au ni mvivu. Mwembamba akataka kujua nani aliyeuliza mguu wenyewe. Ikaonekana hakuna. Baraza zima likainama kuutazama mguu wa Mwatime, na mnene akauambia kwa upole, "Hujambo?" Mguu haukujibu. Wakaandika kwamba mguu umedharau salamu.

"Nao usimamisheni ukutani!" Mwatime akafoka. "Mkiweza kuusimamisha, mimi nitawalipa nyinyi!"

Hukumu ilitoka jioni. Mama huyu ni mgeni, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, basi asamehewe kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Anayo haki kamili ya kueleza jambo lake mbele ya afisa, mradi kwanza asalimiwe na aitikie vizuri. Kwa maneno mengine, anaruhusiwa kusema analo, akishakula kiapo kwamba hana. Dunga aliitikia, "Asanteni, wazee," kwa sababu naye alilelewa vizuri.

Wakatoka. Walikuwa wamefika kwenye mtaro ulio karibu na soko, Mwatime bado anawatukana wanachuoni mmoja baada ya mwingine kwa vyeo vyao, ndipo alipousikia mgongo wa Dunga. Aliusikia kweli, kwa tumbo lake. Dunga akatoa sauti ndogo, akapiga magoti taratibu ili dada yake asiumie, kisha akalala kifudifudi. Hakuweza kuinuka. Mwatime alijivuta mpaka kichwani kwake, akakishika, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akakosa la kusema. Alijua yeye ndiye aliyeuvunja mgongo ule. Alikuwa akiuvunja kila siku, kidogo kidogo, kwa uzito wake, na mwenyewe Dunga akimwambia ni baridi tu.

Akapita mama mmoja na kapu lake la ndizi, mtu mwema wa Usijambo, akawaona wamelala mtaroni. Akasimama, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Hamjambo?"

Na Dunga, uso umo vumbini, meno yameumana kwa maumivu, akajibu, "Hatujambo, mama."

Mwatime akaanza kucheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, akambusu mdogo wake kisogoni, mama wa ndizi akadhani amerukwa na akili. "Wewe Dunga, Mungu akuweke," alisema. "Umenipa ufunguo wa afisi."

Majirani ndio waliowapeleka mara ya tatu. Mwatime walimpakia kwenye mkokoteni wa kabichi. Dunga alitembea kando, amejipinda, akiegemea mpini wa jembe. Foleni siku hiyo ilikuwa imejaa: wanaojikokota, wanaopapasa, mama mwenye mtoto asiyekaza shingo, na Mzee Ngwali kwenye benchi lake. Mwatime akamwomba Pazi aache mlango wazi, upepo uingie. Pazi akauacha.

Bwana Mwinyihaji alimwona akisukumwa sakafuni pamoja na kabichi mbili zilizosahauliwa, akavuta muhuri karibu. Akafungua kinywa. Lakini Mwatime alimwahi. Alijiinua kwa mikono juu ya mkokoteni, akatabasamu, akawazungushia macho makarani wote, kila mmoja kwenye kiti chake, akauliza kwa sauti ya kuapishia mtawala:

"Hamjambo nyote?"

Hawakufikiri. Nani hufikiri? Kuanzia karani wa mwisho kabisa mpaka Bwana Mwinyihaji mwenye mito, afisi nzima ikaitikia kwa pamoja, kwa furaha, kama watoto wa darasa la kwanza:

"Hatujambo!"

Pazi, pale mlangoni, akainua macho polepole kuyatazama maneno yaliyochongwa juu ya kichwa chake. Alikuwa amesimama chini yake miaka yote bila kuyahitaji. Akayasoma kwa sauti, neno moja moja, mpaka "asikikalie." Akakohoa.

"Samahani, waheshimiwa," alisema. "Nimesikia ushahidi. Mashahidi ni foleni nzima. Itabidi msimame."

"Pazi, wewe!" Bwana Mwinyihaji akafoka.

"Au kama bwana analo jambo," Pazi akaendelea kwa heshima zote, "aliseme, nimpeleke Barazani. Wameketi."

Mmoja mmoja, viti vikaanza kulia. Mzee Ngwali alikuwa amesogea mpaka kizingitini, ametega sikio.

"Wanasimama?" akanong'ona.

"Wanasimama, mzee," mama mwenye mtoto akamjibu.

"Wote?"

"Bado mkubwa wao. Anatafuta viatu."

Bwana Mwinyihaji alisimama mwisho, ameshikilia bakora, magoti yanamcheza kwa ugeni. Pazi akaitazama ile bakora. Akasema fimbo nayo, kwa kadiri anavyoielewa sheria, ni ya mwenye jambo. Mzee Ngwali hakungoja kuambiwa mara mbili. Alinyoosha mkono hewani, akaipokea, akaigonga sakafuni, akasema ni nzito kidogo lakini itafaa. Watu wa foleni wakaingia kwa fujo na vigelegele. Majirani wakamnyanyua Mwatime kutoka kwenye kabichi, wakamkalisha kwenye kiti chenye mito.

Akakaa. Akashika magurudumu kwa viganja. Akayasogeza mbele kidogo, kisha nyuma kidogo.

Lakini mtu wa afisi hashindwi mara moja. Bwana Mwinyihaji aliufuta uso wake kwa leso, akatabasamu lile tabasamu lake, akainama mbele ya Mwatime.

"Haya mama, tumekuhudumia. Umekaa, shida imekwisha, tuagane kwa adabu. Hujambo?"

Vigelegele vikakatika. Kila mtu alielewa, hata mtoto asiyekaza shingo nadhani alielewa. Akisema "sijambo," kiti kinarudi pale pale, muhuri unashuka. Akisema analo, safari hii Baraza halisamehe. Na lile neno lilikuwa limeshamfika Mwatime kwenye ncha ya ulimi, linasukuma meno. Mama yake alikuwa akimfinya paja akichelewa kuitikia, paja ambalo halikusikia kufinywa, naye akiitikia hivyo hivyo ili mama asivunjike moyo.

Akamtazama yule bwana usoni. Kisha akageuza kiti, akampa mgongo.

Alisusa! Jamani, alisusa kama watu! Magurudumu yalipita katikati ya meza, kanga inapepea, na salamu ya Bwana Mwinyihaji ikabaki inaning'inia hewani haina wa kuipokea.

"Pazi!" bwana akapiga ukelele. "Mkamate! Amedharau salamu!"

Pazi akaufungua mlango wazi zaidi. "Salamu ipi, bwana? Masikio yangu yamevimba. Nadhani yameambukizwa na miguu."

Dunga akatoka nyuma ya dada yake akiegemea mpini wa jembe. Mgongo wake ulikuwa mtupu, naye hakujua aufanyie nini. Mkono wake uliokuwa huru ulikuwa bado umekwenda nyuma, kushika mguu wa dada yake ambao haukuwapo. Barabara pale inateremka. Kiti kikashika kasi.

"Dada!" akaita. "Dada, nisubiri!"

"Sikusubiri! Nimesusa!"

"Nisubiri basi, mgongo unaniuma!"

Hapo Mwatime akakaza viganja kwenye magurudumu, kiti kikasimama katikati ya barabara. Hakugeuka, maana alikuwa analia na hakutaka Dunga amwone. Amenisimulia mwenyewe kwamba vyote vya siku ile vilimfurahisha, muhuri kukosa kazi, makarani kusimama, bwana kutafuta viatu. Lakini kilichomliza ni neno moja tu. Tangu azaliwe, hakuna mtu aliyewahi kumwambia nisubiri.

Akamsubiri.

Mimi nimemaliza. Aliyesimama sasa anaweza kunung'unika. Nawe uliyekaa tangu mwanzo, nakuuliza kwa adabu zote: hujambo?